Kikombe cha Doto

Yale majani yakichemka yalinuka udongo mbichi, na uchungu wake ulikukaa kooni hata kabla hujayanywa. Bibi mzaa mama aliyachuma kando ya mfereji, huko juu Uluguru, majani madogo ya mviringo yanayotambaa kwenye tope, na masika yote yale nyumba yake ilinuka hivyo. Mama alikuwa ametupandisha kutoka mjini Morogoro, mimi na pacha wangu Doto, kwa sababu mwaka uliofuata tulitakiwa kuanza shule na Doto alikuwa bado hajatamka hata neno. Mimi, Kulwa, nilitangulia kuzaliwa, tena kwa makelele. Yeye alikwama nyuma yangu, akatoka kimya, na mkunga akasema hewa ilichelewa kufika kichwani.

Kwa bibi, mapacha hawakutenganishwa. Akinyolewa mmoja anyolewe na wa pili, na dawa ile ya majani, ya kufungua akili, hivyohivyo. "Anza wewe, Kulwa, mwenzio akuone," aliniambia kila asubuhi. Nilikunja uso, nikameza huku nikilalamika, ndipo Doto alipofungua kinywa, macho yake yakinitazama mimi wala si kikombe. Hakutema hata mara moja. Mvua zilipokatika nilikuwa nimeanza kusoma maandishi kwenye mifuko ya mbolea, majirani wakicheka na kunisifu, lakini Doto alikuwa vilevile. Siku moja mama alininyamazisha katikati ya neno. "Mama," alimwambia bibi, "dawa imemwingia asiyeihitaji." Bibi aliendelea kuchochea kuni. Tangu siku ile nilisoma kimyakimya kama mtu aliyeiba, na hatia hiyo ninayo hadi leo, ingawa najua vizuri kwamba sikuiba kitu.

Sasa nafanya kazi maabara, hapahapa mjini. Tunakamua majani yaleyale, tunawapa panya, kisha tunawapunguzia hewa tuone kama ubongo wao utahimili. Dawa tunawapa kabla hawajaumia. Kwa aliyeumia siku ya kuzaliwa sina la kusema, na wenzangu wakifurahia majibu mazuri, mimi huona aibu kufurahi. Doto naishi naye Kihonda tangu mama afariki. Juzi nilirudi nyumbani shati likinuka dawa ile. Alininusa, akaketi mbele yangu, akafungua kinywa na kunikazia macho, akingoja nianze mimi.