Kiondo cha Simu

Stima ikipotea mjini Meru, kila mtu ana lake la kulalamikia. Kinyozi anabaki na mteja aliyenyolewa upande mmoja, mwenye bucha anaanza kuiombea friji yake, na watu wa maofisini wanatoka nje kuota jua. Kaari peke yake ndiye anayefurahi, wala hafichi. Hulegeza mabega, akavuta pumzi ndefu, akasema, "Asante Yesu," na wenzake wakamtupia karatasi.

Kaari ni binti wa Gladwell na Salesio wa Muthara, watu wa mahindi, maharagwe na miraa kidogo. Yeye ni karani katika chama kimoja cha akiba mjini, na kazi yake ni kompyuta asubuhi hadi jioni. Anaipenda. Vidole vyake hupita kwenye kibodi kama vya mama anayepukuchua mahindi huku akipiga domo, bila kuangalia chini. Shida ilianza ofisi ilipohamia jengo jipya. Meneja wao, Bwana Hezekiah, alitaka mambo ya kisasa: ukumbi mmoja wa watu wote, kibodi zisizo na waya, na mtambo wa waifai ukutani, juu kidogo ya kichwa cha Kaari, ukikonyeza vitaa vyake vya kijani. Haukupita muda, Kaari akaanza kuwaka uso kama mtu aliyeinamia jiko. Vidole vikamchoma. Kichwa kikamgonga, na kufika saa sita hata jina la mteja aliyesimama mbele yake lilikuwa limemtoroka.

Huku kwetu mtu akiumwa, ugonjwa ni taifodi mpaka ithibitike vingine. Kaari akapimwa taifodi, akapewa dawa za taifodi, akazimaliza, na kichwa kikauma vilevile. Jirani akasema ni presha. Carol wa dawati la pili alimtazama tumbo kwa jicho la pembeni, akanyamaza kwa heshima. Gladwell akamwita mchungaji, na mchungaji alipokuwa anakemea kwa nguvu, simu ikaita mfukoni mwake. Kaari akahisi uso unawaka upya, akajikuta anacheka kabla ya amina.

Aligundua mwenyewe kwamba Jumapili, akiwa shambani Muthara na simu imeisha chaji, alikuwa buheri wa afya. Akaenda kwa daktari mmoja, mama mpole aliyemsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kila siku. Daktari hakumdanganya. Alimweleza kwamba watu wenye shida kama yake wamewahi kujaribiwa, na hawakuweza kutambua mtambo ukiwa umewashwa au umezimwa, kwa hiyo hangeweza kuapa kwamba chanzo ni mawimbi.

"Lakini kichwa kinauma, na hiyo sikatai," alisema. "Fanya kazi vile mwili yako inakubali. Ukiona kitu kingine kipya, urudi."

Kaari alitoka pale mwepesi kuliko alivyoingia. Kuaminiwa nako ni dawa.

Hezekiah, ambaye kwa ukali wake wote ana moyo, alikubali kumhamishia kwenye stoo ya zamani iliyotazamana na bustani ya sukuma wiki. Kibodi ikawa ya waya, kipanya kikawa cha waya, na intaneti ingemfikia kwa waya mrefu kutoka ukumbini. Nyumbani kwake, simu ilipewa makao ndani ya kopo lililotundikwa kwenye mparachichi karibu na lango. Asubuhi na jioni alienda kuitazama kama mtu anayeokota mayai, akajibu ya kujibiwa, akairudisha. Kichwa kikatulia. Wenzake wakampa jina la Waya, na akalipokea vizuri, maana ameitwa mabaya zaidi.

Aliyekuja kulaza ule waya alikuwa fundi wa Embu, mrefu, mpole, jina lake Lennox. Kazi yenyewe ilikuwa ya asubuhi moja. Kesho yake akarudi kuukagua. Wiki iliyofuata akarudi kuona kama panya wameutafuna. Hezekiah, ambaye hakuzaliwa jana, alimwuliza kama panya hao wana majina. Basi Lennox akaacha kusingizia panya, akawa anakuja nyumbani kwa Kaari Jumamosi waziwazi, anaacha simu kwa mwenye duka hapo jirani, na wanakaa na Kaari kibarazani wakila maembe ya Mbeere mpaka jioni. Vijana wengine huchumbia kwa vidole. Huyu alichumbia kwa miguu, na viatu vyake vilionyesha.

Palipo na shangwe hapakosi shangazi. Lennox alilelewa na dada ya baba yake, Wanjugu, mwanamke mchapa kazi anayeongoza kundi la WhatsApp la ukoo mzima, na neno lake kwa Lennox lilikuwa zito. Alikuja kumwona mchumba, akaona simu imetundikwa mtini, akanywa chai yake mpaka mwisho.

"Si ati nakuchukia, mwanangu," alisema. "Lakini mtoto akishikwa na homa na Lennox ako kazi Isiolo, tutakupata wapi? Tupigie mti? Na watu wakikusanyika, wewe utakuwa unakaa wapi? Nyuma ya nyumba peke yako?"

Hakuwa na ubaya, na hapo ndipo palipouma. Kaari mwenyewe alikuwa amejiuliza hayo. Alimwambia Lennox wazi kwamba kama hataweza kukaa kwenye ruracio yake mwenyewe, siku ya mahari, katikati ya watu, toka mwanzo hadi mwisho, basi atamwachilia atafute mke wa kukaa naye mbele za watu. Lennox alimwangalia usoni. "Utakaa," akasema.

Gladwell akaja na dawa yake. Siku ya ruracio, wageni wakifika Muthara na mbuzi wao na asali yao, kila mtu angetia simu kwenye kiondo langoni, naye Salesio angekipeleka kwenye ghala la mahindi huko chini shambani. Habari zilitangulia mpaka Embu. Watu walinung'unika kama wanaong'olewa jino, lakini walitii, na kiondo kikajaa mpaka Salesio akakibeba kwa mikono miwili. Kaari alimtazama baba yake akiteremka nacho shambani, akataka kulia kwa furaha.

Ilikuwa Novemba na mvua haikuwa na subira. Wazee walizungumza, wakakubaliana mapema ajabu, maana hakuna aliyethubutu kumpigia simu mjomba wa mbali aje kuongeza masharti. Uji wa ucuru ukazunguka. Kisha ngurumo moja ikapiga na stima ikapotea, na sebule ikawa giza kama jikoni la zamani. Kaari moyoni alisema asante Yesu.

Ikafika zamu ya mchezo. Kaari na binamu zake walikalishwa kwenye viti kwa mstari, wamefunikwa leso za rangi moja toka utosini hadi miguuni, na Lennox angemtambua wake bila kugusa wala kusemezwa. Kukosea ni mbuzi mwingine. Akina mama wakaanza kuimba taratibu, wakimchelewesha makusudi, maana mchezo huo hauna utamu ukiisha upesi.

Chini ya leso, Kaari alihisi uso unaanza kuwaka.

Alidhani ni joto la kitambaa. Kisha vidole vikachoma, na kule kugonga kichwani kukaanza, na akaingiwa na hofu ya kweli. Simu ziko ghalani. Hakuna stima. Basi ni mimi, alijiambia, ni mwili wangu tu, na Shangazi alisema kweli. Akageuza jicho, na kupitia nyuzi za leso akaona mwanga mdogo wa samawati magotini pa binamu yake Kajuju. Akaangalia upande wa pili: mwanga mwingine, kwa Muthoni. Wale wasichana walikuwa na simu zao.

Alipata nafuu na hasira kwa pamoja. Angeweza kuinuka. Lakini akiinuka mchezo umeharibika, amejitaja mwenyewe, na Shangazi Wanjugu yuko pale mbele akitazama. Kaari alishika ukingo wa kiti, akafuata wimbo wa akina mama kimoyomoyo, ubeti baada ya ubeti, jasho likimtiririka shingoni. Alikaa.

Huko mlangoni Lenah, binamu mwingine ambaye hakufunikwa, aliona mstari ule unapendeza, akaupiga picha kwa siri na kuituma kwenye kundi la wasichana. Mara leso zote zikawaka. Moja baada ya nyingine, toka mwisho huu hadi ule, zikang'aa samawati gizani, na katikati yake moja ikabaki nyeusi.

Akina mama waliacha kuimba. Lennox hakuhitaji hata kutembea mstari wote. Alipiga magoti mbele ya ile leso nyeusi.

"Ni huyu," alisema. "Hawa wengine wote wanawaka."

Kicheko kilichotoka mle ndani kilizidi mvua. Leso ikaondolewa, na Kaari akaonekana uso umevimba, jasho na machozi pamoja, naye akicheka kuliko wote. Salesio alitumwa ghalani kuleta kiondo, wakakimwaga juu ya mkeka. Zilitoka kabambe, simu ndogo za vibonye, zilizokufa zamani, simu zisizo na betri, kikokotoo cha mwanafunzi, na rimoti moja ya televisheni. Mzee Salesio aliiinua ile rimoti juu akauliza ni ya nani, na watu wakaangaliana.

Wanjugu alikuwa tayari amemsogelea Kaari. Akamshika kidevu, akaugeuza uso wake kwenye mwanga wa dirisha.

"Hii ilianza lini?"

"Tangu tukae, Shangazi."

"Na hukutoka?"

"Sikutaka kutoka."

Wanjugu akatia mkono kifuani, akatoa simu yake kubwa, akaiweka ndani ya kiondo. "Rimoti ni yangu," alisema. "Nimetoka nayo Embu." Halafu akapita sebuleni kote na kiondo mkononi, akisimama mbele ya kila mtu mpaka atoe ya kweli, wasichana kwanza, wazee baadaye. Akajifunika leso kichwani, akateremka nacho mwenyewe kwenye mvua mpaka ghalani. Aliporudi, ameloa, alivuta kiti akakaa bega kwa bega na Kaari na kuomba sahani ya mukimo.

"Lile swali langu la homa," alisema baada ya tonge la kwanza, bila kumwangalia. "Nitakuja mwenyewe."

Kaari alimshika mkono. Wakala hivyo, kila mmoja kwa mkono mmoja.

Jioni wageni walipoondoka, rimoti ilisahaulika juu ya mkeka, na Kaari akaenda nayo mjini. Huko Embu, wanasema, televisheni ilikwama kwenye mahubiri. Wanjugu angeweza kupiga simu itumwe kama kifurushi. Jumamosi iliyofuata alishuka Meru bila kumwarifu mtu, akaulizia njia, akafika langoni kwa Kaari. Akaitia simu yake ndani ya lile kopo pale mparachichini, kando ya ile ya Kaari, akabisha hodi.