Siku Niliyomwambia Anadeka

Binti yangu alizaliwa na ugonjwa wa damu tuliouita siko seli. Ulipomshika, mifupa ilimuuma siku mbili tatu, kisha ukamwachia akaruka kamba na wenzake kama hakuna kitu. Hilo ndilo lililoniponza. Maumivu yasiyo na kidonda unayaamini mwaka wa kwanza, unayaamini wa pili. Ukifika wa saba unaanza kuyatilia shaka, hata kama aliyenayo umemzaa mwenyewe.

Alipokuwa na miaka tisa, mdogo wangu aliolewa Pongwe. Zilikuwa enzi zile za foleni, sabuni hadimu, kanga ndiyo usiseme. Wanawake wa ukoo tulihangaika miezi mpaka tukapata sare. Mimi sikumbuki nilikuwa sijaenda harusini miaka mingapi. Kila shughuli ilinikuta hospitali, au kando ya kitanda nikikanda miguu kwa kitambaa cha moto. Watu walishaacha kunialika kwa kunionea huruma, na huruma yao ilinikera.

Mchana ule nimeshavaa, nimeshajifukiza udi, mwanangu akaja mlangoni.

"Mama, mguu unauma."

Asubuhi nilikuwa nimemwona akiruka kamba. Nikapandwa na hasira.

"Leo usinianze. Unadeka tu wewe. Kila nikitaka kutoka, mguu."

Nikamfinya mkono, nikamvika viatu mwenyewe. Hakulia. Alinitazama kidogo, akasema, "Basi, mguu umeshapoa," akatangulia kutoka.

Harusini nilicheza mpaka shungi likadondoka. Nilicheka, nikapiga vigelegele, nikasahau kama nina mgonjwa. Yeye alikaa mkekani na watoto wenziwe akipiga makofi, na kila nilipomtupia jicho alinichekea. Tulipotaka kurudi hakuweza kusimama. Mguu umevimba, mwili wote moto. Nilimbeba mgongoni mpaka barabarani huku nalia, sijali nani ananiona. Alilazwa wiki tatu, na dawa nyingine hazikuwepo, kwa hiyo siku nyingi tulikaa tu tunatazamana.

Tangu hapo hakuniambia tena kwamba anaumwa. Nikimuuliza, "Sijambo, mama." Ikabidi nijifunze kumsoma: akiacha chai ipoe, au akiukunja mguu mmoja anapokaa, najua. Miaka ikaenda, ruksa ya biashara ikaja, maduka ya dawa yakafunguliwa mpaka mtaani kwetu Usagara, nami nikanunua nilichoweza. Lakini kusema "naumwa" hakusema. Niliamini ananiogopa. Niliuchukia mkono wangu ule uliomfinya, na ulikuwa mkono huohuo wa kumkanda.

Akiwa na miaka kumi na sita, amelazwa tena, nikashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, nisamehe. Siku ile ya harusi nilikukosea. Usinifiche maumivu kwa kuniogopa."

Akashangaa kweli.

"Mie sikuogopi, mama. Siku ile ulikuwa unacheka. Nilikuwa sijapata kukuona ukicheka vile."

Nilitoka, nikalia nyuma ya wodi mpaka nikachoka. Kisha nikanawa uso bombani, nikarudi, nikamchekea. Mguu ulikuwa unamuuma, na sote wawili tulijua.