Sweta la Jasmine

Lidia anafuma masweta ya shule hapa Njombe, na jioni hutazama katuni bila aibu. Ile aliyoipenda utotoni ilipotengenezwa upya, watu wazima na ndevu zao wakamshukia binti shujaa wa katuni hiyo, wa miaka kumi na minne, kwenye kundi la WhatsApp la mashabiki: eti analia ovyo, hana mvuto. Wengine wakamtafutia mchumba!

Lidia akatuma picha ya sweta la binti yake, Jasmine, refu mpaka magotini. "Huku kwenye baridi mtoto tunamfumia kubwa, tunamngoja akue mpaka limkae. Nyie mna haraka gani na mtoto wa watu?"

Kisha Obed, aliyemsema yule binti wa katuni kuliko wote, akaandika: "Dada, wangu ana kumi na mitatu. Mfumie na yeye. Liwe kubwa."