Mzee wa Kitanda Namba Nne

Mwanamke alinivuta blanketi, akaniita baba.

"Baba, amka. Leo ndiyo siku yenyewe, tutachelewa."

Mimi nina miaka thelathini na moja. Sina mtoto hata wa kusingiziwa. Na huyo mama, kwa sauti tu, alikuwa ananizidi umri.

Nikafunua uso. Tukatazamana.

Ukelele alioutoa hapo, mpaka leo nikiukumbuka masikio yanauma.

"Baba yangu yuko wapi? Wewe ni nani? Baba yangu yuko wapi?"

Mimi nami nikashtuka, lakini kwa sababu nyingine kabisa. Jua lilikuwa limeshajaa dirishani. Nilitakiwa niamshwe saa kumi na moja alfajiri, na sasa ilikuwa saa moja asubuhi.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkaniona mwongo.

Mimi ni fundi rangi. Juzi yake msimamizi mmoja wa ujenzi alinipigia simu. Hatujawahi kuonana, namba yangu alipewa na fundi mwenzangu. Akasema kuna shule mpya inatakiwa kupakwa rangi, safari ya siku nzima, na lori la mafundi litanipitia alfajiri. Nitafute tu pa kulala katikati ya mji.

Nikapata hosteli ya bei chee, juu ya duka la mabati. Wanawake wanalala ghorofa ya pili, wanaume ya kwanza. Chumba kimoja vitanda sita vya dabodeka, shuka zimefuliwa mpaka unaona mkono upande wa pili.

Mhudumu wake wanamwita Kengele. Kazi yake anayojivunia ni kuamsha watu. Kaunta ana ubao mweusi. Unamwambia saa, anaandika kwa chaki namba ya kitanda chako na saa yako. Alfajiri anakuja kimya kimya bila kuwasha taa, anakuvuta kidole gumba cha mguu, anakumulika tochi chini mpaka getini. Wenzako hata hawajigeuzi.

Mimi nilipewa kitanda namba tatu, cha chini.

"Namba tatu, saa kumi na moja," nikamwambia Kengele. "Lori linanifuata. Tunakwenda njia ya kaskazini, kule kwenye daraja la chuma na kuendelea."

Kwenye benchi pale kaunta alikuwa amekaa mzee mmoja, kofia ya sufi, mikono juu ya magoti. Binti yake alikuwa anajaza daftari la wageni. Sikumtilia maanani.

Baadaye Kengele akamleta mzee yule chumbani kwetu. Kitanda kilichobaki kilikuwa namba nne, juu yangu.

Mzee akapapasa ngazi. Nikaona macho yake yana ukungu mweupe, yote mawili.

"Mwanangu," akasema, "mimi na ngazi hii, nani atamshinda mwenzake?"

Nikacheka. Roho ikaniuma pia, maana nina mzazi.

"Mzee, lala hapa chini. Mimi napanda."

"Mungu akuweke."

Nikapanda juu nimevimba kichwa, najiona mtu mwema kuliko wote ghorofa ile. Mkoba wangu wa brashi nikauacha umening'inia kwenye nguzo ya kitanda cha chini, kwa uvivu tu.

Kwa Kengele sikurudi. Ukutani palikuwa na karatasi imeandikwa USIBADILI KITANDA BILA KUMWAMBIA MHUDUMU. Niliisoma. Nikaona ni jambo dogo, asubuhi nitajiamsha mwenyewe kabla yake.

Nikalala fofofo.

Sasa turudi kwenye ukelele.

Chumba kizima kiliamka. Nikashuka. Kitanda cha chini kilikuwa kitupu, shuka imekunjwa vizuri. Binti wa mzee akanikamata shati.

"Kengele kaniambia baba yuko namba nne. Nafika namba nne nakukuta wewe. Umemfanya nini baba yangu? Haoni!"

"Dada, tulibadilishana vitanda, yeye hawezi kupanda ngazi..."

"Na hiki ni nini?"

Alikuwa ameinua mto wangu. Chini yake kulikuwa na bahasha ya hospitali, ina jina la baba yake kubwa mbele.

Bahasha ile sikuwahi kuiona maishani mwangu.

Jamaa wa kitanda cha kwanza, bonge la mtu, akaenda akasimama mlangoni akakunja mikono.

"Hapa hatoki mtu," akasema. "Mzee haoni, katoweka, vitu vyake viko kwako. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

Kusema kweli, ningefikiri hivyo hivyo. Ningeshampiga hata kofi.

Binti akaanza kulia huku anaongea. Kuna madaktari wa macho wamekuja kwa wiki moja tu, wanatoa mtoto wa jicho bure. Baba yake alisubiri miezi minane jina lake litoke. Limepangiwa leo. Leo ndiyo siku ya mwisho, na saa sita mchana orodha inafungwa, madaktari wanaondoka.

"Akikosa leo atakufa kipofu," akasema. "Umenielewa? Kipofu!"

Nilielewa.

Kengele akaja mbio na kandambili moja.

"Mimi namba tatu nimemwamsha saa kumi na moja kamili," akajitetea. "Nimemvuta kidole, kaamka, nimemmulika mpaka getini, kapanda lori lake. Ubao huo hapo!"

"Ulimwangalia usoni?"

"Kaka, mimi naamsha namba, siamshi sura. Niliona kofia na mkoba wa brashi, nikajua ni fundi rangi."

Mkoba wa brashi.

Nikageuka kwenye nguzo. Hakuna kitu. Mkoba wangu wote umekwenda, brashi, rola, pamba za kusugulia, kila kitu.

Hapo nikajiuliza. Mzee asiyeona, aliyeamshwa kwa bahati mbaya, angebeba mkoba wangu wa nini?

Lakini sikusema. Nani angenisikiliza? Jamaa wa mlangoni alikuwa anasubiri nikosee neno moja tu.

Simu yangu ilikuwa kaunta inachajiwa. Wakanisindikiza kama mahabusu. Nikaiwasha nikitarajia msimamizi amepiga mara kumi akiniuliza niko wapi.

Hakuna simu hata moja.

Nikampigia mimi.

"Fundi! Mmefika wapi?" akauliza kwa furaha.

"Mimi sijapanda."

"Acha utani wa asubuhi. Dereva kaniambia kakuchukua. Tena kasema fundi mwenyewe mtu mzima, nikafurahi, watu wazima hawana papara."

Binti akakaa chini sakafuni, bahasha kifuani.

Msimamizi akanipa namba ya dereva. Nikapiga, haipatikani. Nikapiga tena. Saa mbili ikapita. Nikapiga mpaka kidole kikafa ganzi. Binti alikuwa anatazama saa ya ukutani, anatazama mdomo wangu, anarudi kwenye saa. Saa tatu ikagonga. Kengele akamletea maji, hakunywa. Mimi nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo sikujua kama bado ninayo.

Saa tatu na robo simu ikaita. Dereva.

"Umenipigia mara ishirini, wewe mke wangu?"

"Uko wapi?"

"Ghala la saruji, nje ya mji. Tunapakia, karibu tunamaliza."

Nikashusha pumzi. Mwendo wa saa moja tu kutoka pale.

"Kuna mzee kwenye lori lako. Haoni. Anatakiwa hospitali kabla ya saa sita."

"Haoni?" Dereva akacheka. "Huyu fundi? Nilimpa mkono apande akanikatalia. Kashika bomba, karusha mguu, yuko juu. Ulivyo mrefu ukuta wa lori!"

Binti akainua kichwa. "Baba yangu hapandi hata ngazi mbili."

Mimi na yeye tukatazamana kwa mara ya pili asubuhi ile. Safari hii hakupiga kelele.

"Mpe simu," nikamwambia dereva. Nikaweka sauti ya nje.

Tukasikia vishindo vya mifuko, kisha pumzi ya mtu.

"Nani?"

"Mimi, mzee. Wa kitanda cha juu."

"Aaa." Akakohoa. "Mwanangu, brashi zako ziko salama. Nilizichukua tu nifanane na fundi. Ningempa dereva akurudishie. Na bahasha nilikuwekea wewe ili binti yangu aipate, isipotee."

Yule niliyemhurumia, yule niliyejivunia kumpa kitanda, alinipanga tangu kaunta. Alinisikia namtajia Kengele njia ya kaskazini.

"Baba!" Binti akaninyang'anya simu. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Lori linapita njia panda yetu."

"Nyumbani? Miezi minane tumesubiri!"

"Mmesubiri ninyi."

Hata jamaa bonge akakunjua mikono.

"Mama yako aliingia hospitali ile ile kwa miguu yake," mzee akasema. "Akaniambia nisubiri kwenye benchi, anakuja sasa hivi. Nilikaa pale mpaka jioni. Watu wanapita, hakuna anayeniambia kitu. Kisha wakaniita mlangoni wakanipa viatu vyake." Akasita. "Mwanangu, mimi ninaogopa. Naogopa mlango ule. Giza hili nimelizoea."

"Baba, mbona hukusema?"

"Uliniuliza?"

Binti akaishusha bahasha magotini.

"Uliniambia kesho tunasafiri, vaa kofia. Nikavaa kofia."

Dereva akaingilia kati. "Sikilizeni, mimi naondoka. Hapa kuna wapakiaji wawili wenye nguvu. Semeni neno, tunamshika, tunamtia kwenye gari, anafika hospitali atake asitake. Atakuja kuwashukuru."

Saa ilikuwa tatu na nusu.

Mimi, ukweli wangu, ningesema mshikeni. Jamaa bonge akasema kabisa: "Wamshike! Ni faida yake!" Kengele akatikisa kichwa kukubali. Macho ya mtu yalikuwa yanapotea mbele yetu.

Binti akafuta uso kwa kiganja.

"Msimguse," akasema. "Baba, nenda nyumbani. Nitakufuata na basi la mchana. Orodha waifunge."

"Dada!" nikamaka.

Akaninyamazisha kwa mkono.

Kwenye simu tulisikia mifuko inaanguka, mmoja, mwingine, mwingine.

"Wanakata macho yote mawili?" mzee akauliza.

"Moja tu, baba. La kulia. Hulazwi usingizi, unaongea nao."

"Na wewe utakuwa benchi?"

"Nitaomba niingie."

"Na nikifika mlangoni nikasema sitaki?"

"Tunageuka. Sitakuuliza kwa nini."

Mifuko mingine miwili.

"Dereva," mzee akasema, "nishushe. Na unipe mkono, lori lako refu hili."

Palikuwa na mwenye pikapu anarudi mjini, akampakia. Mimi nikaenda hospitali na binti, maana brashi zangu zilikuwa zinakuja na mzee, na pia nilitaka kujua. Pikapu ilifika saa tano na nusu. Muuguzi alikuwa anaita majina kwa haraka, anachungulia orodha.

Lilipoitwa jina lake, mzee akafika mlangoni, akasimama.

Nikaona mkono wa binti ukinyooka kuelekea mgongo wa baba yake. Kisha akaurudisha, akaushika kwa mkono wake mwingine.

"Baba, tunaingia au tunageuka?"

Muuguzi akasema, "Mama, muda..." Binti hakumjibu. Ilibaki dakika nane kufika saa sita, na yule mwanamke alisimama pale kama mwenye siku nzima.

"Tangulia wewe," mzee akasema. "Nitafuata sauti yako."

Wakaingia wote wawili.

Kazi ya shule nilikosa. Lori liliondoka, msimamizi akachukua fundi mwingine njiani. Nilikaa kwenye benchi na mkoba wangu nikijaribu kumkasirikia yule mzee. Hasira ikagoma kuja.

Kilichokuja ni kingine. Mwezi ule mimi na dada yangu tulikuwa tumeshapanga mama yetu ahame kwake, akakae kwa dada. Nyumba ameshapatikana wa kuipanga. Siku ya gari tumeshaichagua. Tulifanya yote kwa wema mtupu. Mama alikuwa anasema "sawa" kwenye simu, nasi tukaendelea.

Nikampigia pale pale.

"Mama, samahani, kuna kitu sikuwahi kukuuliza. Hivi wewe mwenyewe unataka kuhama?"

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza nikae chini."

Wewe unayesoma hapa, kama kuna mtu wako umeshamfungia mizigo, muulize kabla gari halijafika. "Sawa" yake usiitegemee. Jibu la mama yangu lilichukua saa moja na nusu, na sikuikata simu.