Nilimwita mwanafunzi wangu mpika data, kumbe kosa lilikuwa la meza yangu

Wakuu, habari za Jumapili. Leo naileta aibu yangu mwenyewe, na sijaongeza chumvi hata punje.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, shule moja ya bweni huku Mkalama, Singida, si mbali na Nduguti.

Muhula huu niliwapa kidato cha tano practical ya projectile. Tunarusha gololi kwa kibao chenye mpira wa tyube ya baiskeli, tunabadilisha angle, halafu tunapima imetua umbali gani kwenye mchanga.

Nikawahubiria sana habari ya jaribio la haki. Mnabadilisha angle peke yake. Gololi ileile, mpira uvutwe kiasi kilekile, kila angle mrushe mara tano.

Nikawaambia pia, kwa mdomo wangu huu, kwamba itaenda mbali zaidi kwenye nyuzi 45. Yaani niliwapa jibu kabla hawajashika gololi.

Na kibao nilikiweka juu ya meza, mchanga ukiwa sakafuni. Sababu? Nilikuwa na suruali mpya, sikutaka kupiga magoti kwenye vumbi. Cheka tu mkuu.

Makundi karibu yote yakaleta 45. Najua vizuri wengine hawakurusha hata mara mbili, maana daftari za waliowatangulia zinazunguka mabwenini kila mwaka. Nikawapa maksi zote.

Kundi la Zuhura (si jina lake) likaleta 35.

Huyu ni binti wa wakulima wa alizeti kutoka Ulemo, mpole, hana maneno mengi. Ndiye aliyekuwa aongoze timu yetu kwenye maonyesho ya sayansi ya wilaya Ijumaa ile.

Nikasimama mbele ya darasa. "Zuhura, hata kupika data hujui?"

Darasa zima likaangua kicheko.

"Mwalimu, tumerudia mara kumi," akasema. "Kwenye 45 inatua nyuma kidogo, kama upana wa kiganja."

"Kaa chini."

Nikampa sifuri. Jina lake nikalikata kwenye timu.

Jumatano nikarusha mwenyewe mbele ya darasa jingine, wale wa PCB (fizikia, kemia na biolojia), ili waone inavyotakiwa. Wakuu, 35 ikaipita 45. Nikarudia, ikaipita tena. Nikawaambia ni upepo. Singida upepo tunao, hilo halina ubishi, ila madirisha yalikuwa yamefungwa.

Walipotoka nikakaa, nikafikiri. Ile 45 ni pale kitu kinapotua usawa uleule kilikotokea. Ukirusha kutoka juu ya meza kikatua sakafuni, angle bora inashuka. Na hii nafundisha kila mwaka!

Nikakishusha kibao usawa wa mchanga, nikapiga magoti na suruali yangu. 45 ikashinda.

Siku hiyohiyo ningeweza kumrudisha. Orodha ya timu ilikuwa bado mezani kwa mkuu wa shule, ni kwenda na kusema tu. Sikwenda. Niliogopa kuchekwa na walimu wenzangu.

Ijumaa timu ikaondoka, nikaipungia mkono. Zuhura alikuwa anamwagilia bustani ya shule. "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia nikiwa nimeshageuka.

Jumatatu nikaomba radhi mbele ya darasa, nikamrudishia maksi zake. Nikajiona muungwana kweli.

Zuhura akanyoosha mkono.

"Asante mwalimu. Ila uligundua lini?"

Hakuwa na ukali wowote. Aliuliza kama anavyouliza maswali yake yote.

"Jana," nikamjibu.

Akaitikia kwa kichwa, akakaa.

Wiki mbili sasa silali vizuri. PCB waliniona Jumatano ile, na wasichana wao wanalala naye bweni moja. Huenda alikuwa anajua tayari alipouliza.

Nilichojifunza ni kwamba ukiwa na jibu unalolitaka, huachi tu kupima, unaanza kusaka wakosaji. Na suruali inafulika.

Kesho nina kipindi na darasa lake. Walimu wenzangu na wazazi mliomo humu, nimwambie ukweli mbele ya wote au nimwite pembeni? Nichaneni tu, nimestahili.

Ila msinishauri ninyamaze. Hilo nimeshalijaribu.