Niliandika Idadi Kamili ya Sabuni za Jirani Yangu

Mhariri, jina langu naomba ulifiche. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, fundi cherehani hapa Kariakoo, nimepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita. Kusoma nimejifunza ukubwani, kisomo cha jioni. Tulikuwa thelathini na mmoja darasani na mimi nilikuwa wa mwisho kushika herufi. Leo mimi ndiye ninayeandika ile hadithi ya mfululizo ambayo mtaa wetu unaisubiri kila Jumapili, katika gazeti ambalo si lenu. Jina lililopo pale ni la mwanamume, nililitunga. Nyumba nzima hakuna anayejua.

Ukweli ni kwamba sijui kubuni. Watu wanadhani mwandishi anaangalia dari tu, mambo yanakuja. Mimi nasimama foleni ya unga, nasikiliza. Nampima mteja kiuno, nasikiliza. Nikirudi naandika nyuma ya karatasi za kukatia nguo. Mhariri wangu aliwahi kunisifu kwamba hadithi zangu zinashikika. Zinashikika kwa sababu zina wenyewe.

Jirani yangu, nitamwita Bi Mwajuma, aliniita nimshonee godoro la sufi. Mnajua hali ilivyo, sabuni haionekani madukani, na ukikutwa nayo nyingi wewe ni mlanguzi. Yeye alikuwa ameidunduliza miezi mingi, foleni hii mche mmoja, ile miwili, kwa ajili ya harusi ya binti yake. "Nakuamini, shoga," akaniambia. Nikaipanga kwa mikono yangu ndani ya sufi, nikihesabu. Miche arobaini na miwili.

Wiki mbili baadaye nikamwomba mche mmoja tu, nguo za wateja zilikuwa zimeshika mafuta ya cherehani. Akasema, "Hiyo ina hesabu yake, shoga." Ananiambia mimi niliyeihesabu! Iliniuma. Kesho yake nikaandika sura ya tisa: mwanamke, godoro, sabuni. Jina nikabadilisha, mtaa nikabadilisha. Idadi ikanishinda. Nilijaribu kuandika thelathini, nikaona nadanganya, nikaifuta. Katika barua hii nimebadilisha kila kitu, hata idadi. Ningefanya hivyo mwanzo, nisingekuwa nawaandikia.

Jumapili sura hiyo ilipotoka, Zaina, mdogo wake Bi Mwajuma aliyekuwa akiishi nao, alisoma gazeti kwa sauti uani kama kawaida yake. Amemaliza la saba, anasoma vizuri. Mjumbe wetu wa nyumba kumi alikuwa mkekani anakunywa kahawa. "Huyo mama akitoka jasho si ataamka na povu?" mmoja akasema, watu wakacheka. Bi Mwajuma hakucheka. Aliingia chumbani akafunga mlango, saa kumi alasiri, na joto lile. Mjumbe akamsindikiza kwa macho.

Jumanne asubuhi mjumbe alikuja na mgambo wawili. Wakachana mshono wangu. Walihesabu kwa sauti, na walipomaliza mmoja akasema, "Sawasawa na gazeti." Bi Mwajuma alipopitishwa uani alisema, "Na mwanangu nani atamwoa sasa?" Mungu anisamehe, niliingia ndani nikayaandika maneno hayo kabla hayajanitoka. Hii ni wiki ya tano yuko rumande.

Mumewe alimgeukia Zaina. "Umempelekea nani habari za nyumba yangu?"

"Shemeji, mimi nimesoma tu."

"Humu nani mwingine ana kalamu? Fundi alishona, sawa, lakini fundi juzijuzi tu alikuwa anaweka dole gumba."

Nilikuwa nimesimama pale pale. Mnajua kilichoniuma kwanza? Si Zaina. Ni hilo dole gumba. Nilitamani kumwambia kwamba sura zote tisa ni zangu. Nikanyamaza, na Zaina akatolewa siku ile ile na kifurushi chake. Sasa yuko kwa shangazi yao Buguruni, hata chakula cha dada yake haruhusiwi kupeleka.

Kikao cha ukoo cha kumhukumu Zaina kimewekwa baada ya Idi. Zaina anapita kwangu kila jioni. "Dada, wewe unajua siku ile ya godoro mimi sikuwepo. Njoo uniapie." Nikiapa kwamba si yeye, wataniuliza nimejuaje. Nikisema kweli, Bi Mwajuma hatatoka rumande kwa sababu hiyo, ila mdogo wake atarudi nyumbani, na mimi chumba, wateja na kalamu vitakwenda kwa pamoja. Nikinyamaza, naweza kuandika miaka ishirini mingine, na binti wa watu atabaki na jina la msaliti ambalo ni langu.

Ndugu wasomaji, nimempa jibu la "nitakuja." Naombeni mniambie: niingie kwenye kikao kile kama shahidi, au kama mkosaji?