Nini Kimehama Leo?

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, Jumamosi iliyopita, fundi alipotoboa ukuta wa nyumba ya bibi kule Temeke. Mwanga ukaingia chumba cha ndani, ambacho mimi nilikijua kwa koroboi tu.

"Shangazi, haya makorokoro tutupe?" aliuliza mtoto wa kaka yangu.

Nikamwambia asubiri, kwanza niyatazame.

Wewe ambaye hukufungiwa, nikueleze. Enzi za Mwingereza, msichana wa kwetu akivunja ungo aliwekwa ndani, akawa mwali, mpaka wakubwa waamue kumtoa. Mimi niliwekwa nikiwa darasa la nne. Dirisha lilizibwa kwa gunia. Asubuhi niliwasikia wenzangu wakipita kwenda shule, wakibishana, na harufu ya vitumbua vya jirani ikipenya chini ya mlango. Mwalimu alikuwa ameahidi kuniwekea nafasi hadi muhula mpya. Nilitaka kitu kimoja tu: nitoke kabla haujaanza.

Chumba kilijaa vitu visivyotazamwa na mtu: kinu kilichopasuka, mbuzi ya nazi iliyoisha meno, madebe, vipande vya mikeka, kata isiyo na mpini, hata kibao changu cha kuandikia. Kila nilipokwenda kuoga, bibi alihamisha kimoja, kisha akaningoja mlangoni.

"Haya, mke mwenzangu," alinitania, "nini kimehama leo?"

"Sioni, bibi."

"Macho yako ya kupaka wanja tu? Utaibiwa hata kitanda umekilalia!"

Alisema nikikijua chumba chote, nitatoka. Basi nikajifunza. Nilianzia kona ya mlango nikazunguka kulia, nikitaja kila kitu kwa sauti ndogo, hata vumbi lilivyokilalia. Baada ya muda sikukosea tena.

Siku moja bibi hakuuliza. Nikatazama mwenyewe. Nyuma ya kinu palikuwa na mraba usio na vumbi.

"Bibi, kibao changu cha kuandikia kiko wapi?"

Alijifunga khanga upya. "Nimempa mtoto wa jirani. Shule zinafunguliwa."

"Na mimi?"

"Wewe posa yako imeshapokelewa, mwanangu."

Nilitolewa kwa ngoma na vigelegele, nikapelekwa moja kwa moja kwenye nyumba ya mume. Vitabu nilivisoma mwenyewe, ukubwani, ukurasa kwa ukurasa.

Bibi alishafariki. Uwali ule umekwisha mtaani kwetu. Wasichana wanavunja ungo Jumamosi, Jumatatu wako darasani, nami nafurahi. Lakini bado namfikiria siku ile alivyojifunga khanga upya pale mlangoni. Nadhani hakuuliza kwa sababu alijua kuwa sasa naona.